Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Foulata, Antoinette na Wanawake wa Upare

Februari 1885, mjini Berlin, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuyalinda maeneo ambayo Carl Peters na wenzake walidai kuyapata kwa mikataba huku kwetu. Septemba ya mwaka huohuo, mjini London, ilitoka riwaya ya H. Rider Haggard kuhusu Wazungu watatu wanaosafiri kusini mwa Afrika kutafuta almasi za Mfalme Sulemani. Ile hati ilifungua njia ya utawala uliofika hadi Milima ya Upare. Riwaya nayo ilifika, ila kwa mwendo wake: mwaka 1929 Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi vya wanafunzi vikaisoma darasani. Bendera za wakoloni zimeshushwa zamani, lakini kitabu kile kingali kinakumbukwa na wazee wetu, na wengi hukitaja kwa mapenzi.

Sina nia ya kuwanyang'anya mapenzi hayo. Ninachotaka ni kuuliza swali ambalo wasomaji wa nchi nyingine wamekwisha kuviuliza vitabu vyao vya zamani: hadithi hii ingekuwaje kama ingesimuliwa na mwanamke aliyenyamazishwa ndani yake? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Basi ngoma hii ikiwambwa upya na Foulata, au na Gagula, ngozi itavutwa upande gani? Nitalijibu swali hili kwa kulinganisha mapokeo matatu: riwaya ya Kiingereza na majibu yake kutoka Karibiani, maandishi ya Zanzibar na pwani yetu, na tukio la kweli lililotokea Same na Usangi katika miaka ya 1940, ambalo naamini lina mengi ya kuwafundisha waandishi wetu.

Kitabu kisichohesabu wanawake

Haggard aliujua ukoloni kwa ndani. Alikwenda Natal mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19, na mwaka 1877 alikuwamo katika msafara uliokwenda Pretoria kuitwaa Transvaal kwa niaba ya Uingereza, akashiriki hata katika kupandisha bendera. Msimulizi wake, Allan Quatermain, ni mwindaji mzee mwenye maneno matamu. Mapema kabisa anatujulisha kwamba katika masimulizi yake hamna mwanamke ila Foulata. Gagool, ambaye sisi wasomaji wa Kiswahili tunamjua kwa jina la Gagula, hamhesabu: ni mzee mno wa kuolewa, tena hana hakika kama ni mtu au ni shetani. Kwa mizani hiyo mwanamke ni yule anayeweza kuolewa tu. Aliyepita umri huo hana hesabu, hata kama ndiye anayeijua siri yote ya hadithi.

Tumtazame Foulata kwa karibu. Ni msichana wa Kikukuana, kabila la nchi ile ya almasi, anayechaguliwa katika ngoma ya mabinti kwa kuwa mzuri kuliko wote, na uzuri huo ndio unaomtia hatarini, maana mrembo wa siku ile hutolewa sadaka kwa masanamu matatu ya mawe. Anaokolewa. Kapteni Good, mmoja wa wale Wazungu watatu, anapojeruhiwa vitani, Foulata anamuuguza usiku na mchana, na anampenda. Baadaye anaandamana na Wazungu mpaka kwenye chumba cha hazina. Gagula anapowaponyoka ili awafungie ndani, Foulata ndiye anayemkamata na kung'ang'ana naye mlangoni. Anachomwa kisu. Gagula naye anapondwa na mlango wa jiwe unaposhuka.

Katika kukata roho Foulata anasema maneno yake makuu. Anamwomba Quatermain amfasirie, kwa kuwa Good haielewi vizuri lugha yake. Anasema anampenda Good, na kwamba anafurahi kufa, kwa sababu anajua mwanamume yule asingeweza kujitwisha mzigo wa mwanamke kama yeye. Weusi na weupe, kwa maneno anayopewa, haviwezi kuoana. Wasomaji wengi wamelengwa na machozi hapo. Lakini tuangalie jinsi maneno hayo yanavyotufikia. Yanatoka kinywani mwa Foulata, yanapita kwa mkalimani, na mkalimani ndiye msimulizi wa kitabu kizima. Msimulizi huyohuyo, kurasa za baadaye, anatuambia waziwazi kwamba kufa kwa msichana yule kulikuwa heri, maana angeishi mambo yangeingia matata. Uzuri wake na akili zake, asema, visingetosha kuifanya ndoa ile ifae. Kwa hiyo shahidi pekee wa wasia wa Foulata ni mtu aliyeona nafuu alipokufa. Hakuna baraza la wazee popote Upare ambalo lingeupokea ushahidi wa namna hiyo bila kumhoji shahidi.

Gagula naye ana kesi yake. Katika kitabu kizima hakuna anayeijua historia ya nchi ile kumzidi. Anakumbuka Wazungu waliotangulia. Anajua habari za Mreno aliyefika zamani kutafuta mawe, na za mwanamke wa nchi aliyekuwa pamoja naye na kuijua siri ya mlango. Mwanamke huyo hapewi hata jina. Gagula anawaambia watu wake kwamba Wazungu huja kwa ajili ya mawe yanayong'aa, na kwamba watakuja wengi. Kitabu kinataka tumwone kama kiumbe cha kutisha anapoyasema hayo. Historia ilimpa haki yake upesi: almasi za Kimberley zilikuwa zikichimbwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870, na mwaka 1886, mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, dhahabu ikagunduliwa Witwatersrand. Wazungu wakaja wengi kama alivyosema.

Simtetei kwa yote. Ndani ya kitabu mikono yake ina damu. Ndiye anayeongoza msako wa wachawi ambao kwao mfalme Twala huwaua wapinzani wake. Lakini Twala, na hata Ignosi anayemrithi, wanapewa ubinadamu pamoja na makosa yao, ilhali Gagula ananyimwa. Na jina lake halikubaki kitabuni. Limekuwa tusi la kumrushia bibi kizee mwenye mikunjo ya uso. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa Kanda ya Ziwa, tusi hilo ni zito.

Jibu kutoka Karibiani

Mfano mashuhuri kuliko yote wa kuisimulia upya riwaya kongwe ni ule wa Jean Rhys. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, kuna mwanamke aliyefungiwa ghorofa ya juu katika nyumba ya Bwana Rochester. Ni mke wake kutoka Jamaika, Bertha Mason. Anacheka, anang'ata, anaunguruma, mwishowe anaichoma nyumba na kufa. Habari za maisha yake tunazipata kwa mumewe tu, na mumewe ana kila sababu ya kumsingizia, maana anataka kuoa mwingine.

Rhys alizaliwa mwaka 1890 mjini Roseau, kisiwani Dominica, katika jamii ya Wazungu wa visiwani. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 76, alitoa Wide Sargasso Sea, akampa yule mke utoto, mama, shamba lililoharibika baada ya watumwa kuachwa huru, na jina lake mwenyewe: Antoinette. Jina la Bertha, kumbe, ni la kubandikwa na mume aliyekwisha kuitwaa mali yake kwa sheria ya ndoa ya Kiingereza. Mume huyo Rhys hakumpa jina kabisa. Riwaya nzima inakwisha bila Rochester kutajwa. Aliyebadilisha jina la mwenzake kwa nguvu amebaki hana lake.

Hapo ndipo ufundi wa Rhys unapong'aa, na hapohapo ndipo wahakiki walipouona mpaka wake. Gayatri Spivak, katika makala yake ya mwaka 1985, alimwelekezea kidole Christophine, mwanamke mweusi kutoka Martinique aliyemlea Antoinette. Christophine ndiye anayemkabili mume yule uso kwa uso na kumweleza ukweli wake wote. Anamshinda kwa hoja. Kisha anaondoka, na hadithi haimfuati tena. Yuko pia Tia, msichana mweusi aliyekuwa rafiki wa Antoinette, ambaye usiku wa nyumba kuungua anamrushia jiwe usoni. Jiwe hilo tunalijua kutoka kwa aliyepigwa. Kilichokuwa moyoni mwa aliyerusha hatukisikii kwa kinywa chake.

Fundisho la kwanza la uhakiki huu ni hilo. Kila mwanamke anayetolewa gizani na riwaya ya majibu humwacha mwingine nyuma ya mlango. Antoinette anapata sauti, Christophine anatoka jukwaani. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kumfufua Foulata aulize kwanza: nikimpa Foulata kitabu kizima, Gagula nitamweka wapi?

Jibu kutoka pwani yetu

Sisi nasi tulikuwa na mwanamke mwandishi wakati uleule. Mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya Haggard, kumbukumbu za Emily Ruete zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Jina lake la kuzaliwa ni Salme binti Said, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866. Anasimulia kwamba wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma, lakini si kuandika, na kwamba yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ndani ya kitabu chake anawakosoa Wazungu wanaowaandika wanawake wa Mashariki bila kuwajua. Kwa hilo anastahili heshima kubwa.

Lakini Salme alikuwa binti wa sultani. Katika kitabu hichohicho anautetea utumwa, anawasemea watumwa wa nyumba za Unguja kwamba hali yao ilikuwa njema, na wao wenyewe hawapewi nafasi ya kumjibu. Kati ya Salme na Rhys kuna miaka 80 na bahari mbili, lakini wote wawili walisimama kwenye kizingiti kilekile: aliyenyimwa sauti akiipata humfunika aliye chini yake.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameishughulikia shida hii kwa uangalifu katika riwaya tatu. Paradise, ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inaanzia Kawa, mji mdogo uliowahi kuchangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli ya kwenda nyanda za juu za bara. Msomaji wa Same, mji ulio kando ya reli ya Tanga na Moshi, anaitambua hewa ya mahali hapo bila kuambiwa. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama jibu kwa Heart of Darkness ya Joseph Conrad, kitabu ambamo mwanamke wa Kiafrika anasimama ukingoni mwa mto, amepambwa, anainua mikono, wala hatamki neno tulisikie. Gurnah anampa Amina nafasi ya kumweleza Yusuf, kijana ambaye hadithi inamfuata, maisha yake kwa kinywa chake: alivyotekwa angali mdogo, alivyotolewa kwa deni, alivyoozwa mfanyabiashara tajiri. Ila mwisho wa kitabu Yusuf anakimbia kuifuata safu ya askari wa Kijerumani, na Amina anabaki ndani ya kuta.

Katika Desertion, ya mwaka 2005, Gurnah anakwenda mbali zaidi. Msimulizi Rashid anasimamisha hadithi ili akiri kwamba hajui jinsi Rehana, mwanamke wa pwani ya Kenya, na Mwingereza Pearce walivyopendana mwaka 1899. Anakisia, na anatuambia kwamba anakisia. Quatermain hakufanya hivyo hata mara moja. Kisha katika Afterlives, ya mwaka 2020, anakuja Afiya, msichana anayepigwa na mlezi wake mpaka kuvunjwa mkono kwa sababu tu amejua kuandika. Afiya anapata njia ya kuandika kikaratasi cha maneno machache, kikamfikia mtu wa kumwokoa. Tofauti yake na Foulata ni kwamba ujumbe wake haukupita kwa mkalimani, na aliyeupokea alilazimika kuinuka na kutenda.

Fundisho la pili basi ni hili: mwanamke wa riwaya hajapewa sauti kwa kujazwa maneno tu. Sauti inatimia anapokuwepo mtu anayelazimika kumjibu.

Waliofika Same

Tuje sasa mahali penyewe. Mji wa Same uko bondeni, kwenye tambarare kavu, kati ya Upare Kusini na mbuga za Mkomazi. Juu yake milima ni kijani: msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mashamba ya tangawizi ya Mamba Miamba, ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia ambazo watu walizichimba na kuzitunza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Wakoloni waliweka makao yao ya wilaya huku chini, penye barabara na reli. Mwenye shauri na serikali ilimpasa kushuka.

Wapare walikwisha kuandikwa na wageni kabla ya hapo. Jakob Dannholz, mchungaji wa Kilutheri aliyefanya kazi Mbaga, alichapisha mwaka 1916 kitabu ambacho jina lake kwa Kijerumani linatuonyesha Wasu, yaani Wapare, waliofungwa na imani ya mizimu. Ernst Kotz, mmisionari Mwadventista, akachapisha chake mwaka 1922, na jina lake linatuonyesha Wapare waliofungwa na hofu. Watu hawa walijifunza Chasu, lugha ya Wapare, na walihifadhi mambo ambayo leo tungeyakosa. Hata hivyo, anayevisoma vitabu vyao akiwa ametoka kumsoma Gagula atatambua kwamba amefika nchi jirani: nchi ya giza inayongoja taa kutoka nje.

Kisha ukaja mgogoro wa mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mamlaka za wenyeji chini ya serikali ya Kiingereza ziliongeza, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa wote, kodi nyingine, hiyo mbiru, ya kukadiriwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Wakadiriaji walitakiwa kujua una nini. Wapare walikataa. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaja Same na kukaa hapo, wakimtaka mkuu wa wilaya aifute. Mgogoro ulidumu hadi mwaka 1947, viongozi wengine wakahamishwa kwa nguvu, na mwishowe kodi ile ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, ndiye aliyeandika habari hizi kwa kina, kwanza katika kijitabu chake cha mwaka 1971, na jina la kiongozi kama Paulo Mashambo limebaki kwa sababu hiyo.

Wanawake nao? Mwanazuoni Mmarekani Jean O'Barr aliandika juu yao katikati ya miaka ya 1970. Waume walipokuwa wamepiga kambi Same, mashamba na nyumba zikawa mikononi mwa wake zao. Wanawake wakainuka. Waliandamana umbali wa maili 25 hivi kutoka milimani hadi makao ya wilaya kuwaunga mkono wanaume. Na huko Usangi, mkuu wa wilaya alipofika kujadiliana na watawala wa kienyeji, kundi la wanawake lilimkabili na kumpa machaguo mawili: amalize shauri lile ili waume zao warudi nyumbani, ama awatie mimba wao wote yeye mwenyewe. Suluhu haikupatikana, wakawazingira maofisa na kuwapiga mawe.

Tuyaweke maneno hayo kando ya wasia wa Foulata. Katika riwaya, mwanamke mweusi anamwambia mwanamume mweupe: nafurahi kufa ili nisikulemee, kwa kuwa wewe na mimi hatuwezi kuwa nyumba moja. Huko Usangi, wanawake weusi wanamwambia mwanamume mweupe: wewe ndiye uliyevunja nyumba zetu, basi ibebe kazi ya nyumba zetu yote, hata ile usiyothubutu. Foulata anamwondolea mwanamume aibu. Wanawake wa Usangi wanamtwisha. Maneno ya kwanza yalitungwa na mtu aliyepandisha bendera Pretoria. Ya pili yalisemwa na watu waliokadiriwa kodi. Jambo ni lilelile, ndoa na uzazi kati ya mtawala na mtawaliwa, lakini ngoma imewambwa kutoka pande mbili zinazopingana kabisa.

Wala hawakuwa peke yao Afrika Mashariki. Machi 1922, mbele ya kituo cha polisi Nairobi alimofungwa mwanaharakati Harry Thuku, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo zake juu na kuwaambia wanaume wampe suruali zao kama wameogopa. Alikuwa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku ile. Kutumia mwili kumwaibisha mwenye nguvu ni lugha ya kisiasa waliyoijua wanawake wa sehemu nyingi. Aliyezoea kusoma hotuba tu kama siasa huiona lugha hiyo kuwa fujo.

Na sisi pia tumewapokea wanawake wa Usangi kupitia wakalimani: karani, ofisa, mtafiti. Simulizi zinawataja kama kundi. Mawe yao, kama jiwe la Tia, tunayajua zaidi kutoka upande wa waliopigwa. Tunalijua tendo, lakini hatukalishwi jikoni kwao usiku wa kuamkia safari: nani alisema kwanza, nani aliogopa, nani alibaki na watoto, nani alikataa kwenda.

Riwaya inayotungojea

Kutokana na ulinganisho huu naamini riwaya ya kuijibu Mashimo ya Mfalme Sulemani inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, tena ikashinda mtego uliomnasa Rhys. Isimuliwe kwa nafsi ya wingi. Riwaya ya Kizungu imezoea roho moja inayojieleza peke yake chumbani, na Antoinette amefungiwa humo hata anapopewa sauti. Wanawake wa Usangi walisema kwa wingi. Mapokeo yetu yanaijua sauti hiyo: katika ngano za jioni msimulizi huanza na wasikilizaji humwitikia, na wimbo wa kati ni wa wote. Penina Muhando aliionyesha njia hii jukwaani katika Nguzo Mama, tamthilia ya mwaka 1982, ambamo Bi Msimulizi anatupitisha katika juhudi za wanawake wa kijiji cha Patata kuisimamisha nguzo yao, na hakuna mmoja anayeweza kuisimamisha peke yake. Katika sauti ya namna hiyo Foulata na Gagula wataweza kukaa mkeka mmoja, binti na bibi, wakabishana bila mmoja kufukuzwa ili mwingine asikike. Yule mwanamke wa zamani aliyekuwa na Mreno naye apewe jina.

Wapo watakaouliza: kwa nini tujisumbue na kitabu cha Haggard badala ya kutunga vyetu? Swali ni la haki, na vyetu vitungwe. Lakini kitabu hiki kiliingia katika lugha yetu, kikafundishwa na walimu wetu, kikatuachia tusi la kuwarushia bibi zetu. Deni lililomo ndani ya nyumba hulipiwa ndani ya nyumba. Wengine watauliza mwandishi wa leo ana haki gani ya kuwasemea waliokufa. Rashid wa Desertion amekwisha kujibu: sema unachokijua, kisia unachokikisia, na umwambie msomaji ni wapi ulipovuka kutoka huku kwenda huko. Uaminifu huo ndio unaomtenga mwandishi na Quatermain.

Lakini kazi ya kwanza si ya mtunzi wa riwaya. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1946 leo amepita miaka 90. Mabinti na wajukuu wa waliokwenda Same wapo Usangi, Ugweno, Suji, Mbaga, Gonja na mijini, na wengi wao walisikia habari hizi zikisimuliwa nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari yoyote ya Same au Mwanga anaweza kumpa mwanafunzi zoezi la likizo: nenda kwa bibi, muulize juu ya mbiru, msikilize kwa Chasu au Kigweno kama ndiyo lugha yake, andika kama alivyosema, kisha ndipo utafsiri. Andika jina lake, kama ameridhia. Nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa familia yake. Wanaohifadhi nyaraka za wilaya, makanisa na misikiti wafungue makabati yao kwa ajili ya kazi hii.

Hukumu yangu ni hii. Rhys aliandika jibu kubwa kwa sababu alitoka visiwa vya Karibiani alikotoka mwanamke aliyedhulumiwa, na Gurnah ameandika yake kwa sababu anaijua pwani kwa ndani. Sisi wa milimani tuna jambo ambalo Rhys hakuwa nalo: wanawake wa kweli waliomjibu mkoloni ana kwa ana, wakamdai, na kodi ikaondoka. Mwandishi wa Kiswahili anayetafuta maneno ya kuweka kinywani mwa Foulata aanzie Usangi. Na wewe msomaji mwenye bibi aliye hai, muulize mwezi huu.